Ulaini wa Gregory Isaacs hauko kooni

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, ni mwimbaji wa bendi ya rege hapa Arusha. Nimelelewa na kwaya ya kanisa, nikiimba sauti ya tatu tangu shule ya msingi. Tunapiga Ijumaa na Jumamosi, kila usiku kwa muda wa saa tatu hivi, nyimbo za zamani za Jamaika na chache zetu za Kiswahili. Ninayempenda kuliko wote ni Gregory Isaacs, na ndoto yangu ni kuimba kwa ulaini ule wake. Nikijaribu, natoka kama mtu anayenong'ona na vyombo vinanimeza. Nikiongeza nguvu, wananiambia naimba kama niko kwenye pambio. Mpiga drams wetu anasema rege ya roots haiimbwi na koo safi: nivute bangi na nipige pombe kali kidogo kabla ya shoo ili koo liive. Nimejaribu. Sasa ni wiki ya tano sauti inakwaruza kila asubuhi, na noti za juu nilizokuwa nikizichukua bila shida hazitoki kabisa. Nakunywa tangawizi na asali, mara mayai mabichi, sioni nafuu. Je, ulaini wa Gregory ni kipaji cha kuzaliwa, au kuna namna ya kulifundisha koo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili nikaona ni maswali mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja, moja la mtindo na jingine la afya. La mtindo ndilo tamu, nitalikalia kitako. Lakini la afya halingoji mwisho wa jibu. Mkwaruzo wa wiki tano, pamoja na noti za juu kupotea, ni jambo la kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo ambacho wengi wetu wa kazi hii tunakishika ni wiki tatu, na wewe umeshakipita. Soma haya yote, ila kesho asubuhi tafuta miadi hospitali kwanza, mazoezi yatafuata.

Sasa tuje kwa mpiga drams wenu. Simlaumu, kwa kuwa hadithi hiyo nimeisikia tangu nami nabeba vyombo vya wakubwa. Inatokana na kusikia sauti kama ya Winston Rodney wa Burning Spear, au ya Joseph Hill wa kundi la Culture, sauti zenye vumbi la njiani, kisha mtu anahitimisha kwamba vumbi ndilo roots. Lakini chukua rekodi za miaka hiyohiyo ya sabini. Junior Murvin aliingia studio ya Lee Perry, Black Ark, mwaka 1976 akaimba habari za polisi na majambazi kwa falseto, ile sauti ya juu kuliko sauti ya kawaida ya mwanamume, nyembamba kama uzi wa buibui. Cedric Myton wa kundi la Congos aliimba juu vilevile. Horace Andy ana sauti inayotetemeka kama mwali wa kibatari. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye koo lililochubuka, na hakuna mwenye masikio atakayesema hao si roots. Roots ni habari ya ujumbe, imani na mdundo. Koo kila mtu alikuja na lake.

Moshi unafanya nini hasa? Nyuzi zako za sauti ni mikunjo miwili ya misuli ndani ya koromeo, kila mmoja hauzidi sana sentimita 2, umefunikwa na utando laini, mlegevu, wenye majimaji. Utando huo ndio unaopiga mawimbi hewa inapopita. Ukiimba noti ya la iliyo chini ya do ya kati, noti ya kawaida kabisa kwa mwanamume, mikunjo hiyo inafunguka na kufunga mara 220 kwa sekunde. Dakika moja ya noti hiyo ni mara 13,200. Sasa pitisha moshi hapo, wa bangi au wa sigara, haijalishi: ni wa moto, ni mkavu, na unaupiga utando moja kwa moja kwa sababu hewa haina njia nyingine. Utando unavimba. Kitu kilichovimba ni kizito, na kizito hutetemeka polepole, kwa hiyo sauti inashuka na kupata ule mkwaruzo ambao mwenzako anauita kuiva. Ili kutoa noti ya juu, nyuzi lazima zinyooke na kuwa nyembamba. Zilizovimba hazinyooki. Ndiyo maana noti za juu ndizo zilizotangulia kukukimbia. Kwa hiyo huko kuiva anakokuambia ni uvimbe. Pombe kali nayo inakupunguzia hisia ya maumivu, na hapo ndipo mtu anapopiga kelele saa nzima bila kujua anajiumiza.

Na kama hoja ni kwamba Gregory mwenyewe aliishi hivyo, basi tumalizie hadithi yake. Alizungumza hadharani kuhusu miaka iliyoliwa na kokeini. Alifariki London tarehe 25 Oktoba 2010 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 59. Weka rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya themanini kando ya zile za miaka yake ya mwisho: busara ya kupanga maneno bado ipo, ila sauti imekonda. Tunachokipenda kwake alikuwa nacho kabla ya madhara.

Tangawizi na asali havina ubaya, vinatuliza koo la chakula. Ila kumbuka unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Kingezigusa ungepaliwa. Chai, maji, asali, mayai, vyote vinapita mlango wa nyuma. Maji yanasaidia kwa kuzunguka mwilini mpaka yafike kwenye utando, na hiyo inachukua muda, kwa hiyo yanywe mchana kutwa, usisubiri dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Mayai mabichi achana nayo kabisa. Hayalainishi chochote na yanaweza kukupa tumbo la kuhara usiku wa shoo. Kitu pekee unachoweza kukifikisha kwenye nyuzi moja kwa moja ni hewa, ndiyo maana mvuke wa maji ya moto matupu, bila dawa kali ndani yake, unasaidia kidogo koo likikauka.

Haya, tumfikie Gregory mwenyewe, Cool Ruler kama walivyomwita.

Gregory alizaliwa Kingston mwaka 1951. Mwaka 1973 yeye na Errol Dunkley walifungua lebo na duka la rekodi, African Museum, na jina la Cool Ruler likamganda baada ya albamu yake ya 1978 yenye jina hilo. Albamu iliyomfikisha kila mahali, mpaka kwenye kaseti za kaka zetu, ni Night Nurse ya mwaka 1982, aliyorekodi Kingston katika studio ya Tuff Gong ya Bob Marley, akisindikizwa na Roots Radics: Flabba Holt kwenye besi, Style Scott kwenye drams. Ichukue hiyo. Weka spika za masikioni, funga macho, sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu. Mara ya kwanza achana na maneno, sikiliza mahali ambapo Gregory hayupo. Anasema kifungu kifupi, anaondoka. Besi inajibu. Kinanda kinapita. Wewe umekaa unamngoja, na anarudi pale ulipokuwa umeshakata tamaa kidogo. Ukihesabu kwa saa utashangaa jinsi anavyoimba kidogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaofundisha mtindo huu. Wanasema laini, wanakutuma ukaufanyie kazi kooni. Mimi nasema ulaini wa Gregory, sehemu yake kubwa, ni suala la saa. Ni pale anapoingia, pale anapoachia, na kiasi gani anakataa kukupa.

Waimbaji wa Jamaika wa rika lake walikulia kwenye muziki wa soul wa Marekani, wakiunasa kwenye redio na kuununua kwa sahani za santuri: Sam Cooke, Curtis Mayfield na Impressions wake, Otis Redding. Sasa, mwimbaji wa soul ana ngazi. Anaanza chini, anapanda, na mwishoni anafika mahali anapasua, jasho linamtoka, kanisa linasimama. Wewe uliyetoka kwaya unaijua ngazi hiyo, iko ndani ya mifupa yako. Gregory aliichukua soul yote, ile huruma, ile namna ya kuomba, kisha akaiondoa ngazi. Anaomba bila kupanda. Msikilizaji anabaki na kiu ambayo hainyweshwi, na kiu hiyo ndiyo tunayoiita utamu wake. Ukimwiga kwa kulainisha koo huku ngazi bado umeibeba kichwani, ndiyo unapata hayo mawili uliyoyaeleza, kunong'ona au pambio.

Na usifikiri upole huo ni wa nyimbo za mapenzi tu. Ana wimbo kuhusu bwana wa watumwa, ule alioonekana akiuimba jukwaani katika filamu ya Rockers ya mwaka 1978. Ndani yake mtumwa anaonya kwamba asipopata anachokitaka, mashamba yatawaka moto. Mwimbaji mwingine angeyapigia kelele maneno hayo. Gregory anayasema kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Nywele zinasimama, kwa sababu mtu anayetisha kwa sauti ya chini umeshajua kwamba ameamua. Kama mpiga drams wenu atauliza roots iko wapi kwenye ulaini, mpe huo.

Tufanye kitu kwa mikono sasa, au tuseme kwa mdomo. Mdundo wa wandropu unaujua: unahesabu nne, pigo la kwanza linaachwa tupu, na mguu wa drams na mlio wa fimbo vinaangukia pamoja kwenye la tatu. Gitaa linakata "chaka" kwenye la pili na la nne. Kasi ni ya mtu anayetembea jioni bila haraka. Chukua mstari huu niliouokota sasa hivi: "Nimekaa mlangoni, nangoja jua lizame." Mwanakwaya atauanza kwenye moja, silabi zote sawasawa, na atafika "lizame" kabla jua halijafikiria kuzama. Wewe fanya hivi. Moja, acha tupu. Baada ya mbili, tiririsha "nimekaa mla-", na "-ngo-" iangukie tatu pamoja na drams, "-ni" uiache ife kwenye nne. Pigo la moja linalofuata, nyamaza. La mbili, nyamaza nusu. "Nangoja" ipite, "ju-" kwenye tatu. Nyamaza tena, hata kama unaona aibu. Kisha "lizame", na hapa ndipo siri: hiyo "-za-" usiiweke juu ya tatu. Acha drams ipige, iache ipite kidogo, kama mtu anayeitwa akachelewa kugeuka, ndipo uiweke.

Ukiipata hiyo mara moja tu utaisikia mwenyewe, wala hutahitaji mimi nikuambie. Sauti haijabadilika hata kidogo, lakini imekuwa laini. Jirekodi kwa simu, maana kichwani kila mtu anachelewa vizuri. Kwenye rekodi utakuta ama umewahi, ama umechelewa mpaka umeanguka kwenye nne.

Kiswahili kinakupa zawadi hapa ambayo nasikitika kuona waimbaji wetu wa rege wanaitupa ili waige lafudhi ya Kingston. Maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake kila neno linakupa kilima kimoja unachoweza kukiweka kwenye pigo la tatu, halafu mteremko mfupi wa kuachia. Mjamaika anayeimba neno linaloishia na konsonanti ngumu lazima atafute ujanja. Wewe umepewa bure. Tena chagua maneno. Herufi kama m, n, ng', l, v na z zinaacha sauti iendelee kupita. K, t, p na ch zinaikata kama kisu. "Ngoja nilale" inateleza. "Kitu kikatikakatika" ni ngoma nyingine kabisa. Si kwamba uzikimbie konsonanti ngumu, ila usizirundike mahali unapotaka watu wayeyuke.

Baada ya saa ndipo tunarudi kooni, na kooni kuna jambo moja tu la kweli la kujifunza: namna ya kuanza noti. Mtu anaweza kuianza kwa kugonga, nyuzi zikiwa zimefungwa kwa nguvu kisha zikafumuliwa, kama unavyosema "aa!" ukimkamata mtoto anachezea kiberiti. Anaweza kuianza kwa kuvuja, hewa ikitangulia, "haa", kama anayeshusha mzigo. Au hewa na nyuzi vinakutana kwa wakati mmoja, bila kugonga wala kuvuja. Kwaya ilikufundisha kugonga, kwa sababu ukumbi ni mkubwa na maiki hakuna. Ulipotaka ulaini ukarukia upande wa pili, ukavujisha. Sauti inayovuja ina hewa nyingi na mlio kidogo. Vyombo vinaimeza, unasukuma hewa zaidi, utando unakauka, unachoka mapema kuliko hata ungepiga kelele. Gregory ana chembe ya hewa mwanzoni mwa maneno, kweli, na ana upua kidogo pia, lakini noti yenyewe imefunga. Sikiliza vizuri katikati ya irabu, utaikuta imesimama.

Daktari akikuruhusu, zoezi la kulitengeneza hilo ni la bei ya mrija. Weka maji kwenye glasi, zamisha mrija sentimita 2 hivi, vumisha sauti kupitia mrija huku maji yanatokota. Teleza kutoka chini kwenda juu na kurudi, bila nguvu. Shinikizo dogo la maji linarudi juu na kuzisaidia nyuzi zikutane bila kugongana. Dakika tatu, mara kadhaa kwa siku. Wanafunzi wangu hucheka mara ya kwanza, kwa sababu unafanana na mtoto anayechezea soda. Maji yakiruka ovyo unasukuma mno. Yakitokota sawasawa umepatia.

Kisha maiki. Ulaini wa namna hii usingekuwepo bila maiki, na hakuna aibu kusema hivyo. Maiki ya kawaida ya mkononi ina tabia moja: ukiisogelea sana, sauti nzito za chini zinaongezeka zenyewe. Sentimita 3 hivi kutoka mdomoni unapata kifua ambacho huna. Ukiisogeza mbali unapata wembamba na makelele ya drams. Waimbaji wengi wa kwaya wanaishika maiki kifuani kama mshumaa wa Pasaka, kisha wanalalamika kwamba fundi mitambo hawapendi. Isogeze, igeuze pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo, na uimbe kama unamwambia jambo mtu aliye upande wa pili wa meza.

Lakini hilo halitawezekana kama hujisikii, na nadhani hujisikii. Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika kuhusu jambo ambalo kila muuza sokoni analijua: mtu akiwekewa kelele masikioni anapandisha sauti bila kukusudia, na kelele ikiondolewa anashuka. Huwezi kulishinda kwa nia njema, ni la mwili. Nilipokuwa na umri wako niliimba msimu mzima katika hoteli moja ya pwani ambako spika zote zilielekezwa kwa wageni na sisi jukwaani tulikuwa tunasikia sahani za drams tu. Kila usiku nilikuwa naahidi kuimba taratibu, kila usiku nilikuwa napayuka. Ilinichukua miezi kurudi. Kwa hiyo kabla hujabadilisha koo, omba spika moja ielekee usoni kwako, na mpiga gitaa ashushe amplifaya yake. Akikataa, msogeze yeye nyuma.

Ufunguo nao. Bendi nyingi zinapiga wimbo kwenye ufunguo wa rekodi kana kwamba umeandikwa kwenye Torati. Ufunguo ule ulichaguliwa kwa ajili ya koo la Gregory. Jaribu kila wimbo chini au juu kwa noti moja mpaka mbili, tafuta mahali unapoweza kuuimba ukiwa umelala chali. Hapo ndipo pako.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho kwa uaminifu. Rangi ya sauti ya Gregory, ule upua na wembamba wake, ni umbo la koromeo, kinywa na pua yake. Hiyo huipati, wala mimi sikuipata, na wanaoipata karibu ni waigizaji ambao baada ya nyimbo mbili unawachoka. Saa yake, unyimivu wake, namna yake ya kuachia neno, hivyo vinafundishika. Na pengine Gregory siye kioo chako. Kwa sauti ya tatu iliyokomaa kanisani, mimi ningekutuma kwa Dennis Brown kwanza. Alirekodi Studio One akiwa bado mvulana, na alikua akawa na sauti iliyojaa, yenye mtetemo mpana mwishoni mwa noti, sauti ambayo mwanakwaya ataielewa mara moja. Ni laini pia, ila ni ulaini wa blanketi zito. Wa Gregory ni wa shuka. Na kama unachokipenda ni mkwaruzo, msikilize Beres Hammond, uone jinsi mkwaruzo wake usivyokaa kwenye kila neno. Unakuja pale wimbo unapouma, kisha anaufuta. Mtu mwenye koo bovu hana uchaguzi huo.

Kuhusu kazi, najua Ijumaa na Jumamosi ndizo zinazolipa kodi. Kupumzika kabisa mpaka uonwe ndilo chaguo bora, na ndilo gumu. La pili ni kubaki jukwaani lakini uimbe theluthi tu: mgawane nyimbo na anayeitikia, mpige ala tupu, na rege inaruhusu hilo kuliko muziki wowote, dabu, ile rege ya besi na drams iliyochanganywa upya studio, ilizaliwa kwa kumwondoa mwimbaji. Kuendelea kama ulivyo siwezi kulipamba. Unaweza kubahatika, na unaweza pia kuotesha vinundu kwenye nyuzi ambavyo vitakuchukua miezi ya mazoezi, pengine na upasuaji. Kunong'ona mchana kutwa ukidhani unapumzisha sauti hakusaidii. Wengi hukaza koo zaidi wakinong'ona. Ama zungumza kwa sauti ya kawaida, ya chini, ama nyamaza. Na hiyo tabia ya kukohoa kusafisha koo, meza mate badala yake.

Hospitalini omba waziangalie nyuzi zenyewe kwa kamera ndogo inayopita puani au mdomoni. Dakika chache, haina raha, haiumi sana. Usikubali kupewa antibayotiki kwa kufunuliwa mdomo tu na kumulikwa tochi, kwa kuwa nyuzi hazionekani kwa namna hiyo. Kama Arusha utakwama, KCMC Moshi wana idara ya masikio, pua na koo, si mbali na ulipo. Mwambie daktari ukweli wote, pamoja na moshi na pombe. Hakuna atakayekupeleka polisi. Kuna mambo ambayo ukiyaona hungoji miadi: ukikohoa damu, ukipata shida ya kupumua au kumeza, uvimbe shingoni, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo kama uzi wa gitaa. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa mshipa umepasuka kwenye utando. Funga mdomo hapohapo, na uende siku hiyohiyo.

Baada ya hapo tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana, mwalimu wa sauti au hata kiongozi wako wa zamani wa kwaya kama ana sikio, akusikilize ukiimba ule mstari wa mlangoni. Na Jumamosi hii, ukiwa umeketi pembeni ya jukwaa na glasi ya maji, mwombe mpiga besi apige mzunguko mmoja mrefu peke yake. Usiimbe. Hesabu tu ni mara ngapi ungeingia, halafu kila mara chagua kutoingia.